Jumatano za Gari la Vitabu

Jumatano, 3 Septemba
Gari la vitabu limerudi baada ya likizo ya kiangazi. Saa tisa na dakika tisa alasiri hapakuwa na mtu hata mmoja mbele ya iliyokuwa shule ya Kuikkaniemi. Saa tisa na dakika kumi tulikuwa kumi na wawili, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake kiasi cha kuweza kutandika kanga katikati, na hakuna aliyesema kitu. Huu ni mwaka wangu wa tatu kijijini hapa na bado nalifurahia jambo hili kama sinema.

Raili ndiye dereva, ndiye mkutubi, ndiye mfagiaji. Nilipopanda gari lake mara ya kwanza nilijua maneno arobaini ya Kifini, nusu yake ya vyakula. Alinipa kitabu cha watoto, cha sungura aliyepoteza soksi, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Leo nimerudisha kitabu cha kurasa mia nne kuhusu magonjwa ya misonobari. Nimekisoma chote, na darasani kwetu chuoni hakuna Mfini aliyekimaliza. Raili alikipokea, akakigeuza nyuma na mbele, akasema, "Haya basi." Kwa Raili hiyo ni hotuba ya kutunuku shahada.

Ijumaa, 5 Septemba
Gazeti la hapa hutoka Jumanne na Ijumaa, na katika nyumba hii tunaligawana vipande viwili. Mwenye nyumba ni Mzee Taisto Kinnunen, mgane wa miaka sabini na tisa. Mimi nimepanga vyumba viwili vya juu. Hapa kila mtu huitwa kwa jina tupu, hata waziri, lakini mimi mtoto wa Tukuyu ulimi unakataa. Namwita Mzee, naye ameshazoea. Mimi huchukua kipande chenye habari. Yeye huchukua chenye matangazo ya vifo na ukurasa wa meseji.

Ukurasa wa meseji ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote kinachochapishwa katika nchi hii. Wasomaji hutuma meseji bila kutaja majina, na watu ambao dukani hawawezi kusema hata "leo baridi" humo wanafoka. Leo kuna: "Aliyeegesha trekta mbele ya ufuko anajijua." Kuna na mmoja anayejiita Mlipa Kodi wa Zamani, analalamika kwamba barabara yetu haijachongwa tangu Juni, anamaliza: "Ndivyo ilivyo." Sasa, katika nyumba hii hii anaishi mtu anayemalizia kila neno lake na "ndivyo ilivyo". Nilimtazama juu ya gazeti. Alikuwa anapaka siagi mkate mweusi kwa uangalifu mkubwa.

Jumamosi, 13 Septemba
Puolukka, vile vitunda vyekundu vya msituni, ndoo tatu. Mgongo hauna mwenyewe. Ukikuta mtu msituni anachuma, unapita kama hukumwona, maana ukimsalimia atadhani unamchunguzia mahali pake.

Jumatano, 17 Septemba
Mvua. Raili alikuja. "Haya basi."

Jumanne, 30 Septemba
Ukurasa wa kwanza leo: mbwamwitu ameonekana uani kwa mtu. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo: halmashauri inapendekeza gari la vitabu lisimame kuanzia Januari. Sababu namba moja ni gharama. Sababu namba mbili nimeisoma mara nne: "Katika miaka kumi na moja, halmashauri haijapokea maoni yoyote kuhusu huduma hii kutoka kwa wakazi."

Nilimsomea Mzee Taisto kwa sauti. Akakoroga kahawa yake mpaka ikapoa.

"Basi la abiria liliondoka," akasema. "Posta ikaondoka. Shule ikaondoka. Gari la vitabu likiondoka, nauza nyumba, nahamia ghorofani mjini kama wengine. Ndivyo ilivyo."

"Mzee, unauza kwa sababu ya gari linalokuja dakika ishirini na tano kila wiki mbili?"

"Kwa sababu ni kitu cha mwisho kinachokuja chenyewe."

Nimepanda juu nimekaa kitandani. Nyumba hii ndiyo niliyojifunzia kuchanja kuni, kusema Kifini na kunyamaza kwa Kifini. Sitaki iuzwe. Tena sitaki iuzwe kwa sababu watu wamekaa kimya.

Jumatano, 1 Oktoba
Nimemuuliza Raili atafanya nini. Akasema yeye ni mwajiriwa, hawezi kusema. Halafu akanipa kijitabu chembamba kuhusu haki za wakazi wa halmashauri ambacho sikukiomba, akakigonga muhuri, akasema kirudi baada ya wiki mbili.

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimekisoma. Mkazi yeyote anaweza kupeleka ombi, awe raia au asiwe. Ombi likipata sahihi za asilimia mbili ya wakazi, baraza la madiwani halina budi kulijadili. Sisi halmashauri nzima ni watu elfu nne mia moja na hamsini. Sahihi themanini na tatu. Tukuyu hizo ningezipata kwenye foleni ya maji kabla ndoo yangu haijajaa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo mkutano wa kijiji, ukumbini. Halmashauri imemtuma mkurugenzi wa huduma, Mervi Tolvanen, mama mpole mwenye miwani ya kijani. Viti safu kumi. Tulikuja watu arobaini na sote tukajazana safu tatu za mwisho. Mervi alisimama mbele akihutubia safu saba za viti vitupu, na nyuma ya viti hivyo, huko mbali, sisi na makoti yetu. Chuoni ni hivyohivyo: ukichelewa darasani ndipo unapokaa mbele, kama adhabu.

Alieleza kwa nusu saa. Akauliza kama kuna maoni. Nilimtazama Hannele mwenye duka, ambaye kila Jumatano ya gari hufunga duka lake dakika kumi ili awahi gari. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimtazama Mzee Taisto. Anaangalia viatu vya Hannele.

"Kama hakuna," Mervi akaanza.

Nikasimama. Nilisema kwamba gari hili ndilo lililonipa lugha. Nilisema kuna watu hapa hawaongei na mtu kati ya Jumatano moja na nyingine. Nilisema nitaweka daftari dukani kwa Hannele, kwenye meza ya kahawa, na kila anayetaka gari libaki aandike jina lake. Nahau mbili nilizipindua. Nilipokaa, hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyekohoa. Mervi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Halafu tukanywa kahawa na maandazi ya iliki na watu wakaongea kwa furaha kuhusu mbwamwitu.

Nilirudi nyumbani na hasira kiasi kwamba sikuhisi baridi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimepeleka daftari. La bluu, kurasa themanini. Ukurasa wa kwanza nimeandika kichwa cha ombi, nikapiga mistari, nikaweka jina langu namba moja: Sekela Mwakalinga. Kalamu nimeifunga kwa uzi. Hannele akalitazama, akalisogeza sentimita mbili ili liwe sambamba na chupa ya kahawa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Daftari: mimi peke yangu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mimi peke yangu. Hannele amebadilisha kalamu, ile ya kwanza imekwisha wino. Nadhani watu wanaitumia kujaza mafumbo ya maneno gazetini.

Jumamosi, 18 Oktoba
Sauna. Nikiwa kwenye ngazi za kibanda nimemuuliza Mzee Taisto waziwazi: "Mzee, umeshasaini?"

"Hayo ni ya mtu na kalamu yake," akasema, akaenda kuchota maji.

Nimelichukua hilo kuwa hapana.

Ijumaa, 24 Oktoba
Dalali wa nyumba amekuja, kijana mwenye viatu vyembamba visivyofaa kwa tope hili. Amepima kila chumba, hata vyangu. Alisimama kwenye dirisha langu akasema, "Ziwa linaonekana vizuri hapa, litasaidia bei." Mzee Taisto alisimama mlangoni mikono mfukoni. Dalali alipoondoka alibandika mlangoni karatasi yenye picha ya nyumba yetu, imepigwa siku ya jua ambayo siikumbuki.

Jumapili, 26 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo. Gazetini walishabishana wiki nzima kama mtindo huu ukomeshwe, kama mwaka jana na mwaka juzi. Saa kumi jioni giza.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimepitia dukani kabla ya gari. Nikafunua jalada, nikaona jina langu na mistari mitupu, nikalifunga haraka kama mtu aliyechungulia chumba cha mwenzake. Hannele ananiona kila ninapofanya hivi na hasemi kitu. Nami siulizi. Nitauliza nini? Kwa nini hamnipendi?

Ndani ya gari wote walikuwepo, wenzangu kumi na mmoja walewale. Wamebeba vitabu kifuani. Nimewatazama mmoja mmoja na safari hii sikuona sinema. Niliona watu wanaoacha kitu chao kichukuliwe kwa sababu kufungua mdomo ni aibu. Kwetu mtu akichukuliwa hata jogoo, mtaa mzima unajua kabla ya saa mbili.

Jumamosi, 1 Novemba
Siku ya watakatifu. Jioni nilikwenda na Mzee Taisto makaburini. Mishumaa mingi kwenye theluji ya kwanza, nyembamba, ya kuyeyuka kesho. Aliwasha wa Aune, mkewe, akabaki ameinama.

"Gari bado linakuja," akasema polepole.

Aune aliazima vitabu kwenye gari hilo miaka ishirini na mitatu. Mzee mwenyewe si msomaji; hili nimelijua leo. Kila wiki mbili huazima kimoja kati ya vile alivyosoma mkewe, anakiweka mezani upande wa kiti chake, anakirudisha. Alinieleza hayo tukirudi nyumbani kwa gari lake, macho barabarani, kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia hapa.

Sasa namkasirikia zaidi. Mtu mwenye sababu kama hiyo anashindwaje kuandika jina lake?

Jumatano, 5 Novemba
Siku ya mwaka ambayo kipato cha kila mtu nchini huwa wazi na magazeti hukiandika. Wanaiita siku ya wivu. Taifa zima linasoma bila kuinua macho. Hawaoni haya jirani kujua mshahara wako hadi senti, wanaona haya jirani kujua unapenda gari la vitabu.

Jumatatu, 10 Novemba
Kalamu ya tatu. Mafumbo ya maneno yamekuwa mengi.

Jumanne, 11 Novemba
Ukurasa wa meseji: "Wanaosema watu wa vijijini hawajali, waje wajionee." Bila jina. Nikacheka kwa uchungu. Wajionee nini?

Jumatano, 12 Novemba
Mvua ya theluji. Raili: "Haya basi." Hata yeye sauti imeshuka.

Jumamosi, 15 Novemba
Naandika hii masizi yakiwa bado vidoleni.

Asubuhi niliamua yaishe. Ombi linatakiwa ofisini kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa ya tarehe ishirini na nane, na mimi nina sahihi moja, yangu. Nikaenda dukani, nikafungua uzi wa kalamu, nikalichukua daftari.

"Tayari?" Hannele akauliza.

"Tayari," nikasema, nikatoka bila kuaga.

Nyumbani Mzee Taisto alikuwa kibanda cha sauna, amepiga magoti mbele ya jiko. Kuni zilikuwa mbichi na alikuwa anatafuta cha kuwashia. Nikafungua daftari, nikachana ule ukurasa wa kwanza wenye jina langu, nikaukunjakunja, nikautupa ndani ya jiko penye cheche. Ukashika moto vizuri sana.

"Chukua na lililobaki," nikamwambia, nikampa daftari. "Karatasi safi."

Akalipokea. Akalilaza kwenye goti, akalipindua, akalifungua kutoka nyuma. Akatafuta kwa kidole. Halafu akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Wewe msichana," akasema, "unataka kunichoma?"

"Kukuchoma vipi?"

"Hili hapa ni jina langu. Huyu Hannele. Huyu Veikko wa mashine ya mbao, na mkewe. Unataka kuchoma kijiji kizima ili nioge?"

Nikapiga magoti karibu yake. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa umejaa. Majina, anwani, sahihi, kwa mwandiko wa kushuka mlima na mwandiko wa shuleni, kwa wino wa kalamu tatu. Nikafunua ule unaoutangulia: umejaa. Nikafunua mwingine: umefika nusu. Walijipangia namba wenyewe, kuanzia mbili, na wa mwisho alikuwa wa hamsini na nane. Mzee Taisto alikuwa namba nne. Tarehe: kumi Oktoba. Alisaini siku ileile.

"Nani anaanza daftari nyuma?" nikauliza, na machozi yalikuwa yameshafika.

"Nani anakaa mbele?" akauliza yeye, na alikuwa anauliza kweli.

"Wiki tano, Mzee. Wiki tano nafungua ukurasa wa kwanza naona jina langu peke yake. Nilidhani hamtaki."

"Kama tusingetaka tungekwambia."

"Lini mmewahi kumwambia mtu kitu?"

Akafikiri. "Tungeandika gazetini," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Naye akacheka, kwa mabega tu, kama anavyocheka. Halafu nikakumbuka mkutano ule, safu saba za viti vitupu na watu wangu wote arobaini nyuma, nikajiona mjinga wa daraja la kwanza. Miaka mitatu nawatazama wakikaa nyuma, nikawawekea daftari nikitegemea waanze mbele.

Hamsini na saba. Zimebaki ishirini na sita. Siku kumi na tatu. Moto umewaka kwa gome la mti wa mbetula.

Jumapili, 16 Novemba
Nimewaomba radhi wote moyoni, mmoja mmoja, kwa namba. Daftari limerudi mezani kwa Hannele. Nikaliweka kifudifudi, jalada la nyuma juu.

"Afadhali," Hannele akasema. "Lilikuwa linatusumbua kuligeuza."

Jumamosi, 22 Novemba
Leo karamu ya hirvi, kulungu wa huku mkubwa kama farasi. Wawindaji wamemaliza msimu, na kama ilivyo ada, wamelisha kila mtu ambaye walipita kwenye ardhi yake: supu ya nyama ya hirvi katika masufuria yanayotosha kuogeshea mtoto, mkate mweusi, kahawa. Ukumbi umejaa, watu wa vijiji vinne, na katika vitatu kati ya hivyo gari la vitabu husimama.

Yule Sekela wa Oktoba angepanda jukwaani. Huyu wa leo aliingia na daftari chini ya koti. Ukumbini mwetu vitundikio vya makoti viko nyuma kabisa, pembeni ya mlango wa choo, mahali ambapo hakuna mtu anayemtazama mtu. Nikaweka daftari kwenye kirafu cha kofia, limefunguliwa kwa nyuma, pale majina yalipoishia, na kalamu mbili. Sikusema neno. Nikaenda nikapanga foleni ya supu.

Veikko wa mashine ya mbao, ambaye ndiye kiongozi wa wawindaji, alikuwa anapakua.

"Nimesikia ulitaka kutuchoma," akasema bila kuinua macho.

"Kuni zilikuwa mbichi."

"Taisto hakaushi vizuri. Miaka yote." Akaniongezea nyama, kipande kikubwa. "Umeliweka wapi?"

"Kwenye makoti."

Akatikisa kichwa, polepole, kama fundi anayekubali kazi ya fundi. "Hapo sawa," akasema.

Nilikaa na bakuli langu nikila huku mgongo nimewapa. Nilitaka kugeuka kila dakika. Nyuma yangu nilisikia watu wengi mno wakienda chooni. Wanaume wenye fulana za rangi ya chungwa wenye kuweza kubeba hirvi mabegani walikuwa wanaenda mmoja mmoja kutafuta glavu zao, wanakawia, wanarudi bila glavu. Bibi mmoja wa kijiji cha Salmela alienda kuangalia koti lake mara mbili. Ya pili alikuwa amemshika mumewe mkono.

Mzee Taisto alikuja kukaa mbele yangu. "Usigeuke," akasema. "Kuna foleni."

Watu walipotawanyika nikaenda kuchukua kofia yangu. Namba ya mwisho ilikuwa mia moja thelathini na moja. Niliondoka ukumbini nikitembea kama mtu wa kawaida mpaka kwenye kona ya barabara, hapo nikapiga kigelegele kimoja kirefu kwenye msitu wa misonobari, cha Tukuyu halisi. Mbwa wa Veikko wakaitikia wote.

Jumatano, 26 Novemba
Raili ameuliza, akitazama pembeni, kama kile kijitabu cha haki za wakazi kilinifaa. Nikasema kilinifaa. Akasema, "Haya basi," halafu akaongeza neno, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu: "Vizuri."

Ijumaa, 28 Novemba
Mzee Taisto alinipeleka kwa gari lake, kilomita thelathini na mbili, theluji ikiingia pembeni. Saa nne tulikuwa ofisi za halmashauri. Nilikuwa nimenakili kichwa cha ombi kwenye karatasi mpya nikaigundisha juu ya kurasa za nyuma. Karani alikuwa kijana mwenye ndevu. Akahesabu kwa rula, mstari kwa mstari.

"Inapita," akasema. "Lakini mwanzilishi ni nani? Namba moja hapa ni tupu."

Nikamweleza kwamba namba moja ni mimi, nilikuwa ukurasa wa mbele, na ukurasa wa mbele ulipata ajali. Nilidhani kwa sababu hiyo wao walianzia mbili: walinihesabu mimi wa huko mbele.

"Hapana," Mzee Taisto akasema nyuma yangu. "Tuliacha mstari."

Nikageuka. Alikuwa ameshika kofia.

"Siku ya kwanza. Hannele alisema tuache wa juu kabisa. Tulidhani utaona haya kukaa huko mbele peke yako, utahamia kwetu." Akatazama viatu vyake. "Ukachelewa."

Karani akanisogezea kalamu. Ule mstari mtupu ulikuwa pale wiki saba, watu mia moja thelathini wamepanga foleni chini yake na hakuna hata mmoja aliyeugusa. Nikaandika jina langu. Mwandiko haukuwa mzuri kwa sababu sikuwa naona sawasawa.

Jumamosi, 6 Desemba
Siku ya uhuru. Mishumaa miwili kila dirisha. Karatasi ya dalali bado ipo mlangoni.

Jumatatu, 8 Desemba
Kikao cha baraza kilianza saa kumi na mbili jioni. Madiwani ishirini na saba. Wananchi wanaruhusiwa kusikiliza kutoka kwenye mabenchi ya juu, na karani mwenye ndevu aliniambia kwa kawaida huwa kuna mtu mmoja, tena ni yuleyule, anakuja kuota joto.

Safari hii walikuja arobaini na sita, mbali na mimi. Mabenchi yalijaa kuanzia nyuma, kama maji yanavyojaa. Mzee Taisto alichelewa kwa sababu ya kutafuta pa kuegesha, na alipoingia palikuwa pamebaki nafasi moja tu: benchi la mbele, katikati, uso kwa uso na mwenyekiti. Nilimwona anafikiria kurudi nyumbani. Akakaa. Masikio yake yalikuwa mekundu kama puolukka na hakuyumba kwa saa mbili na nusu.

Hakuna aliyeongea, hairuhusiwi. Hakuna aliyevua koti. Mwenyekiti aliinua macho mara kwa mara, na kila akiinua tulikuwa tupo, tunamtazama. Mervi Tolvanen alisoma ombi lenye sahihi mia moja thelathini na moja. Alisoma vizuri, bila kulipunguza makali. Diwani mmoja mwenye tai akasema mwezi Oktoba huko Kuikkaniemi hakuna aliyetoa maoni isipokuwa mwanafunzi mmoja wa kigeni.

Hapo akasimama diwani mmoja mkulima, mama mnene mwenye sweta.

"Mimi nimezaliwa huko," akasema. "Watu wa huko wakikukubali hawasemi. Wakikupinga hawasemi. Leo wameendesha kilomita thelathini na mbili kwenye theluji kuja kutosema. Mimi naona wamepiga kelele za kutosha."

Kura: kumi na tano kwa kumi na mbili. Gari la vitabu linabaki, miaka minne, vituo vyote.

Watu wangu arobaini na sita wakatikisa vichwa mara moja kwa kukubali, wakasimama, wakatoka kwa mpangilio. Nje kwenye maegesho, kwenye baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, Hannele alisimama mbele yangu. Akanyoosha mkono. Nikaupokea. Nyuma yake alikuwa Veikko, nyuma ya Veikko mkewe, nyuma yao wote. Walinipa mikono mmoja mmoja bila neno na kila mmoja akaenda kwenye gari lake. Nimepokea mikono arobaini na mitano. Wa arobaini na sita alikuwa anapasha injini.

Tulipofika nyumbani Mzee Taisto aliing'oa karatasi ya dalali mlangoni, akaikunja, akaipeleka kibanda cha sauna.

"Kuni bado mbichi," akasema.

Jumatano, 10 Desemba
Saa tisa na dakika tisa, hakuna mtu. Saa tisa na kumi, watu thelathini na nne. Raili alifungua mlango akasimama kwenye kidato akatutazama. Akarudi ndani, akapangusa dawati ambalo lilikuwa safi. Mzee Taisto ameazima kitabu kinene ambacho si cha Aune. Kipo mezani upande wake mwenyewe, miwani juu yake.

Ijumaa, 12 Desemba
Gazeti limekuja na tumeligawana kama kawaida. Ukurasa wa kwanza ni sisi: picha ya mabenchi ya juu, na mbele kabisa Mzee Taisto na masikio yake. Nikamsomea habari yote kwa sauti. Akasikiliza, akitafuna. Halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya: akanisogezea kipande chake cha gazeti, ukurasa wa meseji, akaenda dirishani kuangalia kipimajoto.

Meseji ilikuwa ya tatu kutoka chini.

"Shukrani kwa msichana wa ghorofa ya juu. Tulidhani anajua kwamba tunampenda, kumbe inabidi kuandikwa. Nyumba haiuzwi. Vyumba ni vyake mpaka amalize masomo na baada ya hapo pia. Ndivyo ilivyo. Mlipa Kodi wa Zamani."

Niliisoma mara tatu. Yeye alikuwa bado anasoma kipimajoto, ambacho kina namba moja tu ya kusoma. Nilitaka kumkumbatia. Najua angevumilia, kama anavyovumilia daktari wa meno. Basi nikamjazia kikombe, nikakiweka upande wake, nikapanda juu na simu yangu.

Meseji niliyotuma gazetini ni hii: "Kwa Mlipa Kodi wa Zamani. Nimeona. Kahawa yako inapoa. Namba Moja."

Itatoka Jumanne.